Nimekuja Kuomba Kula

Mke wangu ndiye aliyenifundisha Kiswahili, na ndiye aliyekuja kuchoka nacho kabla yangu. Alizaliwa Mbale, binti wa askari magereza, akakulia kwenye kota za askari ambako Mwacholi, Mteso na Mgisu walielewana kwa lugha hiyo tu. Mimi ni Msoga wa Jinja. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza kitambulisho. Nilijifunza kwa ajili yake, nikiwa mtu mzima, na ulimi wangu ukakataa katakata kutofautisha r na l.

Sikuona ubaya wowote mpaka nilipogombea ubunge mara ya kwanza. Jimbo letu halipatikani kwa raha. Vijiji vyangu na vijiji vya mpinzani wangu vinatoka sare, kisha wanaoamua ni watu wachache wa kota za magereza ya Jinja, ambao hawana shamba hapa wala hawajali babu yako alikuwa nani. Basi nikaenda kwao. Nikasimama kando ya kamba zao za nguo, nikapaza sauti: "Mama zangu, nimekuja kuomba kula."

Nilikusudia kusema kura. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mmoja, mke wa sajini, akaingia ndani akatoka na sahani ya posho, ndio ugali wa kwetu, na maharage, akaniwekea na kiti. Nikala yote nikiwa na koti langu la mkutano, watoto wakinitazama mdomoni. Siku ya uchaguzi kota ilinipa ushindi mwembamba, nao ukatosha kunipeleka bungeni.

Mke wangu aliona aibu kwa niaba yangu. Alinikalisha mezani akanifundisha kutamka kura kama anayemfundisha mtoto kuandika jina lake: ulimi juu, uache utetemeke. Ilinichukua wiki kadhaa, lakini niliweza. Nilitembea nyumba nzima nikisema kura, kura, kura, naye akicheka jikoni. Sijui kama tumewahi kufurahiana hivyo tena.

Mawakala wangu ndio walioharibu. Walisema watu wa kota wanalisubiri kosa lile. Nikilisahihisha wataniona nimeanza kujisikia. Kwa hiyo kampeni ya pili nilikwenda nikakosea kwa makusudi, nikala, nikashinda. Mpinzani wangu akadakia, akawaambia watu kwamba angalau huyu bwana anasema wazi amekuja kula. Nilicheka na wengine. Kazi ile inakufundisha kucheka unapotukanwa, na ukishajifunza huwezi kuacha.

Sitaki kudanganya kwamba nilionewa. Niliitaka kazi. Ila hakuna aliyeniambia kwamba jimbo unalolipata kwa tofauti ya kura chache linakunyima hata dakika ya kununa. Aliyeshinda kwa wingi anaweza kukosa mazishi ya mtu. Mimi sikuweza. Nilizika watu ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai, nikawasifu. Asubuhi nilikuta wageni barazani kabla sijanawa uso. Nikisimamisha gari Bugembe kununua mkate, nilishika mikono ya soko zima na kuusahau mkate. Kila uso niliupa upande wake: huyu wangu, huyu wao, huyu bado. Nilifanya hivyo kanisani, hospitalini, hata kwa ndugu zangu wa damu.

Kisha mama mkwe wangu akafariki. Tulimzika kwao, Wanale, karibu na Mbale, chini ya jabali la mlima, kwenye shamba la kahawa na ndizi. Watu walikuja wengi. Nilisimama pembeni ya mke wangu, na katikati ya sala nikajikuta nawahesabu waombolezaji, nikiwagawa, midomo ikitikisika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mpiga kura wangu. Jimbo langu lilikuwa Jinja, mwendo wa nusu siku ukijumlisha foleni ya malori ya Kenya.

Aliniona. Baada ya watu kutawanyika alinipa chai, akaniambia yeye harudi Jinja kwa sasa. Shamba la mama yake linahitaji mtu. Nikamwambia kampeni inakaribia, watu watauliza mke wa mheshimiwa yuko wapi. Nilikuwa nimeanza kumweleza kura zilivyo, nikasema kula, palepale, sebuleni kwa marehemu, mbele yake yeye aliyenifundisha.

"Siku hizi sijui unapoongea na mimi na unapoongea na mkutano," akasema. "Ukimaliza, utanikuta hapa."

Hakusema nikishindwa wala nikishinda. Alisema nikimaliza. Niliendesha gari peke yangu kurudi, nikiwa na hasira naye, na hasira ile niliibeba kampeni nzima kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko kukiri kwamba nimechoka.

Mara ya tatu nikashindwa. Vijiji vilifanya kama kawaida yake, nusu kwa nusu. Kota ndizo zilizonikataa. Niliwaahidi maji katika kampeni ya pili, na bomba lililetwa mpaka getini, likaishia hapo. Wanawake wa kota walikuwa wakianika matambara juu yake. Nilikuwa nimelipita bomba lile mara nyingi nikienda kula.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuwashukuru. Ndivyo nilivyowaambia mawakala. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwatazama machoni wanione nilivyoumia. Mke wa sajini alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Hakushtuka. Alinisogezea kiti kilekile, akafuta mikono.

"Kura hapana, mheshimiwa," akasema. "Ile maji yako imelala pale kwa geti. Lakini kula iko. Kaa."

Nilikaa. Ningeweza kuondoka kwa heshima zangu, lakini miguu haikutaka. Alileta posho na maharage, akaendelea kupepeta, na wenzake wakaendelea kufua, hakuna aliyenitazama. Nilikula polepole. Nilikuwa nimefika katikati ya sahani nilipogundua kwamba sijamhesabu mtu yeyote uani pale, na kwamba sikujua wako wangapi. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Simu ikalia. Ni mke wangu, kutoka Wanale. Hatukuwa tumeongea tangu wiki moja kabla ya kupiga kura. Matokeo alikuwa ameyasikia redioni, bila shaka, kwa kuwa kule asubuhi kila nyumba hufungua redio.

"Umepata kula?" akaniuliza.

Alisema kwa l. Yeye, binti wa kota, ambaye r yake haijawahi kuteleza maishani. Sikujua kama ananicheka au anauliza kama nimekunywa chai. Niliitazama sahani. Nikainua ulimi kama alivyonifundisha mezani, miaka ile, na ukakubali.

"Kula nimepata," nikasema. "Kura sikupata."

Nilisikia kuku wake, na mtu akikata kuni kwa mbali.

"Hiyo ya pili umeitamka vizuri," akasema. "Haya, maliza chakula cha watu, uje nyumbani."