Eudoxie na Mguu wa Kaka Yake

Eudoxie Bélizaire wa Capesterre, kisiwani Guadeloupe, alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Jumamosi alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya familia yao iliyopiga zouk, muziki wa dansi wa Karibi: kaka yake Rosan kwenye gitaa, binamu zao kwenye ngoma na kinanda, shangazi yao akiimba. Besi hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuutazama mguu wa kulia wa Rosan. Rosan akipiga gitaa, mguu huo hukanyaga wenyewe, na Eudoxie alikuwa akiishusha noti palepale kisigino kinapogusa sakafu. Miaka na miaka watu wa kisiwa hicho walicheza kwa kisigino hicho bila kujua.

Mwaka 1985 wakaenda mjini Pointe-à-Pitre kurekodi santuri. Basi kule studio kila mtu alirekodi zamu yake, peke yake. Rosan alimaliza asubuhi. Eudoxie akafungiwa chumbani na hedifoni masikioni, mashine ikimhesabia mapigo. Akapiga. Fundi mitambo akasema safi, hakuna kosa hata moja.

Mama yao, Mama Léona, aliyewaletea chakula, alisikiliza akiwa amesimama. Mabega yake hayakutikisika.

"Huu muziki wa kuuzia dawa ya meno," alisema.

Wakarudia, wakarudia tena, ikazidi kuwa kavu. Muda wa studio ulikuwa unakwisha. Rosan akampigia simu mpiga besi wa kukodi, kisha akamwambia dada yake asichukie, kwenye jalada wataandika jina lake vilevile.

"Andika la huyo anayekuja," Eudoxie alimjibu. "Mimi nataka mguu wako."

"Mguu gani?"

"Ingia humu, kaka. Vua kiatu."

Rosan, ambaye miaka yote hiyo hakujua anatazamwa mguu, akaingia, akasimama na soksi zake. Mguu ukagoma. Kila alipoukanyagisha kwa makusudi, Eudoxie alitikisa kichwa. Mwishowe Rosan akachukua gitaa lake, bila kuliunganisha popote, akaanza kuipiga ileile sehemu aliyokwisha kuirekodi, mpaka akajisahau. Kisigino kikashuka, nyuma kidogo ya mapigo ya mashine. Eudoxie akashuka nacho.

Fundi mitambo alitaka warudie, maana besi inachelewa. Mama Léona, mabega yakiwa yameshaanza kazi, akamwambia abonyeze chochote anachotaka ila asifute.

Mpiga besi wa kukodi alifika akamkuta Eudoxie akikunja waya. Akapewa mkate wa kukaanga wenye samaki wa chumvi ndani, akala, akauliza basi la kurudi kwao linapita saa ngapi.