Kuhe Bila Kichwa kwa Wakwe

Aibu yangu hii ningeificha mpaka kaburini, lakini mke wangu amekwisha kuisimulia kwa nusu ya Kalemie, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mimi niliyeifanya, angalau nijipunguzie ujinga kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, wakati sisi wote tulikuwa tunaitana sitwayen, yaani raia, nami nimerudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi na diploma ya falsafa, ambayo huku kwetu ilinifaa kwa jambo moja tu, kufungua restora. Niliiita Kisiwani. Ukutani, upande wa bandari, niliandika kwa rangi nyekundu «Mapishi ya Kweli ya Visiwa» (tulikuwa tunahimizwa kila siku kurudia asili yetu, nami nikaona asili inaweza kuliwa pamoja na bugali). Kisiwa chenyewe nilikuwa sijakikanyaga hata mara moja, na mpishi wangu, Mama Anjela, ni mtu wa Kongolo, samaki wake ni wa mto Lualaba. Yote tuliyojua juu ya chakula cha kisiwani tuliyatoa kwa mchumba wangu Feza, mzaliwa wa kisiwa cha Kavala, naye alikuwa anatuambia nusu, nusu nyingine anacheka.

Basi wakwe wakatuma habari kwamba Jumamosi mchana watavuka ziwa, watu watano, mjomba wake Feza mbele yao, waje kutoa jibu la posa. Watakula wapi? Kwangu, bila shaka, na nitapika mwenyewe.

Nilinunua kuhe watano wakubwa wa ziwani, kila mgeni samaki wake mzima, nikawakaanga kidogo, nikawapitisha kwenye mawese na nyanya, na mpaka hapo hakuna wa kunilaumu. Kasoro ilikuwa sahani. Nilikuwa na sahani nzuri za udongo mweupe, zenye ukingo wa bluu, nilizonunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, na kuhe hakuenea: ukiingiza mkia, kichwa kinabaki nje kama abiria wa lori.

"Patro, tuwaweke ku sinia," akasema Mama Anjela, ambaye kwake patro ni mimi, bosi wake.

Sinia la bati, mbele ya wakwe, mimi mwenye diploma? Nikachukua kisu nikakata vichwa vyote vitano, sahani zikapendeza, nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama. Vichwa nikawapa wapagazi wa bandarini waliokuwa wanakula bugali barazani, wakanishukuru sana.

Wakwe wakaingia. Mjomba, Papa Kalunga, mvuvi mwenye mabega ya kuinua mtumbwi peke yake, alikuwa amefunga abakosti yake, lile koti la heshima la siku zile, mpaka shingoni na jua linawaka. Nikamwekea sahani. Akaizungusha upande huu, akaizungusha upande ule, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

"Kichwa yake iko wapi?"

"Nimeikata, Papa," nikajibu kwa kujivuna. "Hapa restora tunapakua kistaarabu."

"Na wangu hana," akasema shangazi yake Feza.

Papa Kalunga akaweka uma chini polepole, akamgeukia shangazi. "Haya. Tumesikia. Mama, chukua kikapu, mutumbwi ungali pale."

Nikadhani chumvi haikutosha. Feza, aliyekuwa amewapokea mlangoni, akanivuta nyuma ya pazia la jiko.

"Umenikataa?"

"Nani amekukataa?"

"Kwetu mugeni anapewa samaki na kichwa, inamutazama yeye, njo namna ya kumukaribisha. Mutu tusiyemutaka tunamupakulia bila kichwa. Anaelewa, anakwenda, hakuna matusi. Wewe umewaambia wote watano kwamba hunitaki, na mujomba alikuja kusema ndiyo."

Falsafa yote ikanitoka. Nikakimbilia barazani. "Ndugu zangu, nirudishieni vile vichwa."

"Kichwa ulinipa wewe mwenyewe," akasema mkubwa wa wapagazi, Papa Ilunga, huku anafyonza jicho.

"Bila vichwa posa yangu njo inaharibika."

"Basi bibi-arusi aje aombe yeye."

Nilipata vitatu. Viwili vilikuwa mifupa tayari, na Mama Anjela, kwa kunihurumia, akanipa vichwa viwili vya sangala, samaki wa aina nyingine kabisa, alivyokuwa ameviweka kwa mchuzi wake. Nikaziondoa sahani mezani, nikavipachika vyote kwa haraka, nikazirudisha kabla wakwe hawajatoka, na kwa bahati yangu ya siku ile, sahani ya Papa Kalunga ndiyo iliyopata sangala.

Akainama. Akatazama kichwa, akatazama mwili, akarudi kwa kichwa.

"Nimezeeka juu ya ziwa hili," akasema. "Huyu simujui."

"Labda ni wa Lualaba," akasema shangazi.

"Hapana, Mama," ikatoka sauti ya Mama Anjela nyuma ya pazia. "Hata kwetu hayuko."

Madirishani wapagazi walikuwa wamejaa, kila mmoja na mfupa wake mkononi. Papa Kalunga akanigeukia. "Kijana, sema wazi. Unamukataa binti yetu?"

"Hapana, Papa. Sahani zilikuwa fupi."

"Zilikuwa nini?"

"Fupi."

Shangazi alianza, akafunika uso na kitenge, kisha meza nzima, kisha dirisha, na mwisho Papa Kalunga mwenyewe akalegeza kifungo cha shingo ili apate pumzi ya kucheka.

"Mutu mubaya hawezi kujibu vile," akasema alipotulia. "Ni mujinga tu. Na mujinga anafundishika. Atavuka na sisi leo, akae kwa nyanya yake Feza mpaka nyanya aseme anajua kupika. Ndoa itafuata kijiko."

Nyanya alichukua majuma saba. Nilioa, na restora ilidumu miaka mingi kwa chakula ambacho sasa nilikuwa na haki ya kukipa jina lake, lakini tangu Jumamosi ile nimeapa: nikipikia watu nisiowajua, kwanza naketi na bibi kizee wao ninamuuliza kila kitu, hata akiniona mjinga, kwa sababu ujinga wa kuuliza unaishia jikoni, na ule mwingine unatembea mpaka mezani.