Vitunguu vya Kaburini

Lidwina wa Mjimwema alipika komoni, na watu walimjua kwa mambo mawili: pombe yake haikuwahi kuharibika, na kaburi la bintiye Careen halikuwa na saruji. Lilikuwa tuta la udongo wa kokoto na msalaba wa mbao. Kiangazi kizima lilionekana limetelekezwa, na wapita njia walimsema. Aliwaacha waseme.

Chini ya tuta hilo vililala vitunguu vya porini. Careen alikuwa bado msichana wa shule alipochimbua viwili kule mlimani Matogoro, siku walipokwenda kutafuta kuni. Kimoja alikipanda karibu na bafu, akakinywesha mpaka kikaoza. Cha pili alikifukia kwenye changarawe nyuma ya nyumba, shingo nje ya udongo, akakisahau. Hakikupata hata tone. Mwishoni mwa Oktoba, ardhi ikiwa ngumu kama kigae na nyasi za mlimani zimekwisha kuungua, kikatoa bua lisilo na jani, na juu yake ua jekundu la mviringo, kubwa kuliko ngumi. Tangu hapo mama na binti walijua kwamba ua hilo halitaki huruma. Linataka jua, mteremko usiotuamisha maji, na kuachwa lilale na kiu yake. Mvua zikishika, majani hutoka yenyewe, na kitunguu kimoja huzaa vingine.

Careen alipofariki, mama yake akavihamishia kaburini. Kila Siku ya Marehemu Wote, mwanzoni mwa Novemba, padre alipopita kubariki makaburi, la Careen lilikuwa linawaka.

Kaka mtu, Remmy, hakuwahi kuyaona maua hayo. Biashara huria iliporuhusiwa alianza na belo moja la mitumba, akapata duka Lizaboni, kisha jingine Dar. Dada yake aliugua muda mrefu, ugonjwa ambao majirani waliutaja kwa kushusha sauti, nao waliokuja kumwona waliishia mlangoni. Remmy alituma salamu. Sabuni hakutuma. Alifika udongo wa kaburi umeshakauka.

Miaka ilipita. Oktoba moja akaja na pikapu yenye saruji, vigae vyeupe na fundi aliyeitwa Osmund. Alitaka kaburi likamilike kabla ya siku ya padre, tena bila mama kujua, ili amfurahishe. Lidwina alikuwa nyumbani anachuja pombe, jirani mmoja akamletea habari. Alipofika makaburini, tuta halikuwepo tena.

"Shikamoo mama," alisema Osmund, ameegemea jembe. "Hivi marehemu alikuwa na genge la mboga? Nimetoa vitunguu karibu nusu debe."

Lidwina alipiga magoti, akaokota vilivyonusurika na jembe na kuvifunga kwenye kanga. Katika vilivyokatwa, machipukizi mekundu yalikuwa tayari yamejikunja ndani. Remmy aliuliza ni nini hivyo. Mama akamjibu kwamba ni maua ya Careen, basi.

Alivipanda nyuma ya nyumba, kwenye changarawe ileile. Kuhusu maji hakumwambia mwanawe neno. Alikuwa amenuna, na aliyenuna hatoi maelekezo. Kesho yake akaenda Matogoro kupika pombe ya harusi, akalala huko mpaka sherehe ikaisha.

Aliporudi, changarawe ilikuwa nyeusi kwa unyevu. Aliingiza kidole kando ya shingo ya kitunguu kimoja, kikazama kama kwenye uji. Akanusa kidole. Cha pili hivyohivyo, na vyote vilivyofuata.

Remmy alitokea na ndoo mkononi, suruali yake ya mjini imekunjwa hadi magotini.

"Nimeyanywesha kila asubuhi, mama. Na mbolea ya mahindi nimeweka kidogo. Yatachanua?"

Lidwina alifuta kidole kwenye kanga. Maneno yaliyomkaa kifuani tangu msiba yalitoka bila sauti kupanda.

"Dada yako aliomba maji kwenye chumba kile, baba, na hukuwepo. Haya hayakuomba."

Remmy aliitua ndoo polepole, kana kwamba ndani yake kuna kitu kinachovunjika.

Siku ya Marehemu watu walivipapasa vile vigae na kusema mama huyu amezaa mtoto. Remmy alisimama nyuma yao, macho chini. Padre alinyunyiza maji ya baraka, yakateleza juu ya weupe ule na kuchuruzika pembeni.

Jioni wanawake waliotoka kuni walipita kwa Lidwina kupoza koo. Walimwambia mwaka huu Matogoro kumependeza, pale moto ulipopita maua mekundu yamejaa, angekwenda kuchukua mengine. Aliwashukuru. Akawajazia vikombe, akaingia ndani kuwasha taa kwenye chumba cha Careen, ambako Remmy alikuwa amekaa tangu mchana bila kula.

Aliiweka taa sakafuni, akatoka.