Wa Jumanne Wote

Ebo Dadzie nilimchukia kabla Araba hajaanza kumchukia, na sioni haya kusema. Mwanamume anayekuja kwenye meza yako ameshiba, akamega donge lako la kenkey na kuondoka na kichwa cha samaki, huyo ana tabia ya kuchukua. Nilimwambia Araba mapema. Akanicheka.

Sote watatu tulikuwa chumba cha data cha kampuni ya kakao, Takoradi, ghorofa ya chini. Araba Quansah ndiye msimamizi wa ghala la data. Ghala lenyewe limo kwenye mashine za kukodi za ng'ambo, lakini Araba akiwa kwenye kiti chake anaona nani ameingia, anafanya nini, na ana uwezo wa kumtoa. Kila anayeingia hufunguliwa sesheni. Kumtoa kwa nguvu sisi tunaita kumuua. Araba ni mama wa watoto wawili, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Methodisti, na ukimuudhi hagombi. Anakunja mdomo tu.

Yeye na Ebo waliajiriwa wiki moja, na wote wamezaliwa Jumanne kama majina yao yanavyosema. Fundi aliyewapokea akaona ni kichekesho kizuri. Akawapa akaunti moja ya kuingilia ghalani, akaiita Benada, Jumanne kwa lugha yetu. Haikubadilishwa tena. Ebo akawa anamwita Araba pacha wake mbele za watu, na mwenzangu alifurahi kweli.

Araba alitumia msimu mzima wa mvua kutengeneza ramani inayoonyesha kila gunia limetoka shamba gani. Ebo akaipeleka juu kwa wakurugenzi kama yake. Walimpa ukuu wa idara. Haikumtosha. Siku moja Araba alikuwa akiirekebisha ramani hiyo, kazi inakwenda tangu asubuhi na haijahifadhiwa, Ebo akaiua sesheni yake. Ukiuawa kabla ya kuhifadhi, ghala linafuta yote kana kwamba hukugusa kitu.

"Pole, pacha," Ebo alisema akicheka. "Ulikuwa umetuzibia njia. Si utaanza tu upya? Wewe una mikono myepesi."

Araba akakunja mdomo. Mimi nilitamani kumpiga na kiti.

Basi wakaja wanunuzi kutoka Ulaya. Ebo angewaonyesha ramani kwenye skrini kubwa ya ghorofa ya juu, na wakiridhika, anahamishiwa Accra kuwa mkuu wa data yote ya kampuni. Alitutangazia mwenyewe, amevaa suti mpya. Araba alikuwa na kazi yake, hesabu ya magunia ya msimu, inayotakiwa jioni ile ile. Ilikuwa inakwenda tangu alfajiri, ndani ya Benada, bado haijahifadhiwa.

Wageni walipopanda, Araba alivuta kiti karibu na skrini.

"Anti Ekuwa, funga mlango."

Nikafunga. Akaitafuta sesheni ya Ebo, akaiua. Simu ya Araba ikalia papo hapo, akaiweka spika.

"Pacha, mtandao una nini leo?"

"Sijui, bosi. Jaribu tena."

Akajaribu, akauawa. Akajaribu tena, akauawa tena. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini Ebo si mjinga. Akawaambia vijana wake wa juu wote waingie pamoja kwa akaunti ile ile, na Benada zikaanza kumiminika kwenye skrini ya Araba. Anaua moja, wanafungua mbili.

"Watakushinda," nilimwambia. "Unachagua moja moja, wao hawachagui."

"Kuna amri ya kuua Benada zote kwa mpigo mmoja. Halafu nabadilisha nywila, hakuna anayerudi."

"Na hesabu yako je? Si na yenyewe imo humo humo?"

"Imo."

"Araba! Inatakiwa leo! Watakufukuza, wee!"

Nilimwona anaitazama kazi yake ya tangu alfajiri, imebaki kidogo imalizike. Akaandika amri, akabonyeza. Skrini ikawa tupu. Hakuna Benada hata moja, ya Ebo wala yake. Papo hapo akabadilisha nywila.

Simu ikalia. Sauti ya Ebo ilikuwa inapiga mwangwi. Naye alikuwa ameweka spika ili mkurugenzi na wageni wasikie kosa ni la nani.

"Araba, umefanya nini? Umeua kila kitu! Hata kazi yako mwenyewe umeiua, unajua hilo?"

"Najua, pacha. Yangu nitaijenga upya. Na ramani nayo nikiifuta sasa hivi, najua kuijenga, shamba kwa shamba. Wewe utaijenga?"

Tukasikia sauti nyingine, nzito, ya mkurugenzi.

"Nani anaongea hapo?"

"Araba Quansah, mzee. Niliyetengeneza hiyo ramani."

"Ebo," mkurugenzi akasema, "anachosema huyu ni kweli?"

Niliinamia ile simu kama ndiyo redio na ni fainali ya mpira. Nilitaka Ebo aseme kitu, hata uongo, nimsikie akishindwa. Tulichosikia ni kikohozi chake, kisha kiti kinasogezwa, kisha mkurugenzi akiwaambia wageni wasubiri kidogo, anayeijua kazi anapanda.