Hita ya Samaki si ya Ndoo

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Juni imeubana mji wa Singida. Magreth Mughwai, mhudumu wa gesti moja karibu na stendi, anachomoa plagi ukutani, anavuta kigoda mbele ya tangi la samaki, kisha anakaa. Hafanyi kitu.

"Dada, mbona umekaa tu? Safisha basi," anamtania Festo, dereva wa lori aliyelala chumba namba tatu.

"Hita inapoa, kaka. Robo saa. Ukiitoa majini ikiwa ya moto, kioo chake kinapasuka."

Hakuyasoma popote. Yalimkuta.

Mwenye gesti, Mzee Idrissa, alilileta tangi hilo kutoka Dar es Salaam mwaka juzi, 1996, maduka yalipofurika vitu vya nje. Samaki wanane wa rangi, wanaotaka maji ya nyuzi ishirini na tano, katika mji ambao binadamu mwenyewe anajifunika mablanketi mawili! Akakabidhiwa Magreth, mzaliwa wa Issuna, ambaye hadi siku hiyo samaki alimjua akiwa sufuriani.

Juni iliyopita, hita ya kuchemshia maji ya kuoga iliungua, na mgeni anawahi basi. Magreth akaichomoa ile ya samaki ingali ya moto, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, akachomeka. Kisha akapeleka kidole kuonja maji, kama wafanyavyo wahudumu wengi.

"Fundi Melkizedeki alikuwa mlangoni anabadilisha taa. Alinivuta kitenge nikaanguka chali. Kutazama, kioo cha hita kina ufa. Umeme uko ndani ya ndoo!" anasema, na hadi leo akisimulia hukificha kidole hicho kwenye ngumi.

Baridi ikaua samaki watatu. Mzee Idrissa hakuzunguka: "Wakifa waliobaki, nawe ufungashe." Na mshahara huo ndio unaomsomesha binti yake, Eliana. Kwa siku nne, mpaka hita nyingine ilipofika kwa basi la Arusha, Magreth aliweka tangini chupa za maji ya moto zilizozibwa vizuri, akizibadilisha kila zilipopoa. Samaki watano wakapona, na kazi yake pia.

Robo saa imetimia. Anaitoa hita, anasugua kioo cha tangi, anairudisha mpaka inazama yote, anasubiri tena, anafuta mikono, ndipo anachomeka. Festo ananyoosha kidole kuonja maji. Anachapwa kofi mkononi.

"Chomoa kwanza!"

Gesti mbili mpya zinajengwa jirani, na wenye nazo wanataka matangi. Magreth anaitaka kazi ya kuyatunza.

"Waje kwangu," anasema. "Wahudumu wengine bado hawajavunja hita yao ya kwanza."