Swali la Saba

Karani wa ubatizo, katika kanisa moja la Bunia, hulamba kidole kabla ya kila karatasi, huvuta miwani hadi ncha ya pua, kisha husoma maswali kwa sauti ya mwalimu aliyechoka. Akifika la saba, "Wewe mwenyewe unasema Yesu ni nani?", hangoji jibu. Huupulizia muhuri pumzi ya moto, akagonga: MWOKOZI WANGU. Bila muhuri huo hakuna kuingia majini. Miaka kumi na minne amewaaminisha watu hivyo, na wino haujamwishia. Juzi mama mmoja aliyekimbia vita Djugu aliifunika karatasi yake kwa kiganja.

"Usipige, karani. Miye siyasema bado."

"Bote banasema hivi, mama!"

"Bote haiko miye. Na weye, unasema ni nani?"

Karani aliugeuza muhuri ausome, lakini upande ule maandishi yalikuwa kinyume. Saa nne asubuhi akajifungia ofisini, akachukua fomu mpya, akaandika jina lake, mtaa wake, mwaka wake wa kuzaliwa. Foleni ikagonga mlango.

"Karani, fungula! Batizo iko kesho!"

"Mungoje kwanza," akajibu kwa sauti ndogo. "Niko ku swali ya saba."