Kuku Aliyenisemea kwa Baba Mkwe

Viroboto tuliwakuta. Nalisema hilo mapema, maana upande wa mume wangu wapo waliodhani nilikuja nao kutoka Singida. Nyumba tuliyopanga pale Mbugani, mwenyewe aliigeuza ghala la mpunga kabla yetu, na paka wake walikuwa wakizalia juu ya magunia. Mpunga ulipouzwa, paka nao wakahamishwa. Viroboto wakabaki na njaa yao sakafuni, wakitusubiri sisi na godoro letu jipya.

Tulifanya kila tulichoambiwa. Tukamwaga majivu, tukatandaza majani ya mwarobaini, tukaweka beseni la maji ya sabuni uvunguni. Siku ya kwanza walizama wengi, nikafurahi sana. Siku ya pili wakaja wengine, wengi zaidi, kama waliosikia kuna msiba. Godoro nikilitoa juani, mvua ya Kyela inanyesha papo hapo, nalikimbiza ndani likiwa zito kuliko mimi. Mume wangu ni mwalimu, na alishazoea kufundisha kwa mguu mmoja huku akijikuna kwa mwingine. Wanafunzi walikuwa wanamwigiza mpaka mtaani.

Mwishowe akanunua chupa ya dawa ya wadudu wa ndani. Bomba la mgongoni la kupulizia hatukuwa nalo. Mwenye nalo alikuwa baba yake, mkulima wa kokoa kule Bujonde, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Kwao, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasalimiani, hawakai chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, na siku hizi wengi wameilegeza. Baba mkwe wangu hakuwa amelegeza hata uzi. Mawifi walishasema mtu wa kuja hataiweza, na yeye mwenyewe, tangu ndoa, alinitaja kama “yule wa Singida.” Iliniuma kuliko viroboto. Nilikulia bila baba, na nilipoolewa nilijiambia kwamba sasa nitakuwa naye mmoja, hata kama ni wa kumsikia kutoka chumba cha pili. Kwa miezi saba nilipita vichochoroni, nilijifunika kanga, nilijibanza jikoni kwa watu, na sikukosea hata mara moja.

Mipango ikawa hivi: Jumamosi mume wangu awepo nyumbani, mimi nihamie kwa jirani, baba apulizie, kisha ale kuku. Nilinunua tetea mnene nikamfunga mguu kwenye nguzo ya bafu la nje.

Baba akaja Ijumaa. Mume yuko shuleni, mimi nimo ndani ya lile bafu la mabati nafua mashuka kwa maji ya moto, nikasikia bodaboda, kisha “Hodi hapa!” Sauti ile niliijua. Njia ya kwenda kwa jirani inapita mbele ya mlango wetu, kwa hiyo nikachuchumaa. Hodi ya tatu ilipokosa jibu, naye akiona mashuka yamejaa kwenye kamba, nadhani alielewa. Vyombo na unga nilishavitoa barazani, chupa ya dawa ilikuwa papo hapo. Akakoroga, akajaza bomba. Kwa chini ya bati niliona buti zake za shamba zikiingia nyumbani kwangu.

Nikaanza kusikia shwaa, shwaa, dawa inagonga bati la paa. Nikangoja ateremke mpaka sakafuni. Hakuteremka. Mtu aliyepulizia kokoa miaka yote anatazama juu, na mkono wake haukujua kuelekea chini. Viroboto wamo kwenye nyufa za sakafu, wanaoga manyunyu, na chupa ilikuwa hiyo hiyo moja.

Nikisema, nimewapa mawifi ushindi. Nikinyamaza, tunaendelea kuliwa. Yule tetea akanitazama.

“Wewe kuku!” nikafoka, kwa sauti ya kufika barabarani. “Ungekuwa na akili ungejua kiroboto hakai juu. Yuko chini, kwenye nyufa, na uvunguni mwa kitanda!”

Bomba likanyamaza. Niliona miezi yangu saba ikimwagika pamoja na maji ya mashuka. Nilitamani tundu la bafu linimeze.

Kikasikika kikohozi dirishani. “Kuku,” akasema baba mkwe, taratibu, “na nyuma ya mlango je?”

“Kuku, hapo hasa! Ndipo yalipokuwa magunia.”

“Ndaga fijo, kuku.” Asante sana, ndivyo alivyosema.

Mlio ukabadilika, dawa ikawa inagonga saruji. Tukaenda hivyo chumba kwa chumba. Kuku akaulizwa kama godoro nalo linyunyiziwe, akajibu hapana, litaanikwa. Akaagizwa nyumba ifungwe mpaka saa kumi, halafu madirisha yafunguliwe hewa ipite kabla ya mtu kuingia. Akaelezwa kwamba mayai yatakuja kuanguliwa, hivyo baada ya wiki mbili itapuliziwa tena. Muda wote huo, msemeshwaji mwenyewe alikuwa anadonoa sabuni yangu.

Alipomaliza, akaenda kunywa chai kwa jirani, nami nikatoka bafuni miguu imekufa ganzi. Sikujua kama nimeheshimu au nimevunja mwiko. Mume aliporudi mchana sikumweleza chochote, nilimpa tu kisu akamchinje kuku wa baba yake. Akaenda kwanza kumsalimia. Alirudi na kisu kikiwa safi, na uso wa mtu asiyeelewa yaliyotokea nyumbani kwake.

“Baba amekataa kuku. Anasema atakula maharage.”

“Kwa nini?”

“Anasema, ‘Mkimchinja huyo, nitazungumza vipi na mwanangu?’”

“Si wewe huyo?”

“Mimi? Mimi si huwa ananipigia simu?”

Nikamfungua tetea kamba. Kisha nikachukua ungo nikaanza kuchambua maharage, na sikuyaona vizuri, machozi yalikuwa mengi.